Taa Ndogo za Trizah

Watu wa Nakuru wakienda shoo ya kilimo huenda kuangalia ng'ombe, hata wale walioacha ng'ombe nyumbani. Yash hakuwa na haja na ng'ombe. Julai hiyo ya 2007 alikwenda kutafuta kazi, kamera shingoni, na begani kitambaa kirefu chenye picha ya maporomoko ya maji, ili mwenye kutaka apigwe picha kana kwamba ametembea mbali. Kazi ilikuwa haba. Vijana walishaanza kujipiga wenyewe kwa simu, na studio ya baba yake, mzee Ashok, pale Kenyatta Avenue, ilikuwa ikifunguliwa asubuhi na kufungwa jioni bila mengi ya kusimulia katikati.

Karibu na zizi la mafahali palikuwa na hema dogo jeusi, na mbele yake foleni ya watu walionung'unika. Aliyesimamia foleni hiyo alikuwa msichana mwenye gauni la kitenge la rangi ya chungwa, koti jeupe la maabara juu yake, raba zilizojaa matope, na sauti ya kuongoza jeshi.

"Mmoja mmoja! Wewe mzee wa kofia, usiguse chupa! Mathe, ingiza mtoto kwanza!"

Mzee wa kofia akaingia, akatoka, akawageukia watu. "Hakuna kitu huko ndani. Ni maji tu. Hii ni kama kampeni."

Watu wakaangua kicheko. Msichana hakucheka. Yash alimwona akijikaza, na papo hapo, kabla hata hajajua hema lile lina nini, akajikuta yuko upande wake. Akajiunga na foleni.

Zamu yake ilipofika aliingia, akazitazama chupa zilizopangwa mezani, na kweli hakuona kitu. Lakini Yash alikuwa amelelewa ndani ya studio. Utotoni alilazwa chumba cha kusafishia picha mama yake akihudumia wateja, na giza alilijua kama mpishi anavyojua chumvi. Hili halikuwa giza. Akatoa kichwa nje.

"Madam, hema yako inavuja."

"Inavuja? Kwani kunanyesha?"

"Inavuja mwanga. Hapo kwa mshono, na pale chini."

Msichana akamwangalia kuanzia viatu hadi nywele. "Sasa unajua kuziba, ama unajua kuongea tu?"

Yash akakunjua maporomoko yake ya maji, akayafunika juu ya hema, akachomoa mfuko mweusi wa kubadilishia filamu akaujaza kwenye mshono, na chini akapiga matope kwa mguu kama fundi wa nyumba. Suruali yake ya kijivu, aliyopigiwa pasi na mama yake asubuhi ile, ikawa haitamaniki. Kisha wakaingia wote wawili, yeye na mwenye hema.

"Sioni chochote," alisema Yash.

"Tulia. Macho inataka muda."

"Hiyo naijua. Unafundisha mwalimu?"

"Basi mwalimu, nyamaza."

Wakanyamaza. Polepole, moja baada ya nyingine, chupa zikajitokeza gizani, kila moja na mwanga wake wa buluu, mpole, kama moto wa gesi uliopunguzwa kabisa. Hapakuwa na waya wala betri. Yash alisahau kupumua.

"Ni nini hii?" aliuliza kwa kunong'ona, kama mtu aliye hekaluni.

"Bakteria. Kwao ni baharini. Wakiwa na afya wanawaka hivyo. Sasa uwawekee maji iko na sumu, dawa ya shamba ama uchafu ya kiwanda, wanazimika. Na wanazimika mapema, kabla wewe uanze kuumwa na tumbo." Sauti yake ilikuwa imebadilika, ile ya jeshi ilikuwa imebaki nje. "Mashine kubwa inatafuta sumu moja moja, ile umeiambia itafute. Hawa hawahitaji kuambiwa. Wanakujibu kitu moja tu: haya maji yanadhuru ama hayadhuru."

"Kwa hivyo umechukua kitu iko hai ukaifanya kipimo."

"Eeh. Kipimo hai. Hiyo ndiyo kazi yangu huko chuo, Njoro."

"Haki," alisema Yash, "mimi nimekaa gizani maisha yangu yote na sijawahi kuona kitu inapendeza hivi."

"Unasema bakteria?"

"Nasema bakteria," alijibu, upesi mno.

Msichana akacheka, na kicheko kile Yash alikwenda nacho nyumbani. Mzee wa kofia aliporudishwa ndani mara ya pili alitoka akiwa ameivua kofia na kuishika kifuani, na siku nzima hakutaja kampeni tena.

Jioni simu ya Yash ililia mara moja ikakatika. Akapiga.

"Niaje, mziba mwanga," sauti ikasema.

"Poa. Mbona unaniflash? Mwanasayansi mzima hana kredo?"

"Kredo ni ya watu wa studio. Mimi ni Trizah, wa hema. Ulisahau maporomoko yako hapa, na jina la studio na namba yako ziko kwa pindo."

"Sikusahau. Niliacha makusudi."

"Ngai! Huyu naye." Akacheka. "Skiza, hiyo chumba yenu ya giza, ni giza kweli?"

"Ni giza ya kupoteza mtu."

"Basi nitakuja. Lakini mimi sipotei."

Alikuja, na shida yake ikajulikana. Mashine ya chuo iliyopima nguvu ya mwanga wa bakteria ilikuwa imeharibika, na kipuri chake kilisubiriwa kutoka ng'ambo. Bila mashine, Trizah angesema tu "huyu amefifia, huyu hajafifia," na nani angemwamini kwa macho matupu? Yash alisikiliza, akakuna kichwa, akatoa karatasi ya picha ndani ya bahasha yake nyeusi.

"Hii inaona mwanga hata ile wewe huoni. Weka hizo chupa zako juu yake, tuzime kila kitu, tukunywe chai, halafu nisafishe."

Walifanya hivyo. Karatasi ilipotiwa kwenye dawa chini ya taa nyekundu, madoa meusi yakaanza kuchomoza, moja kwa kila chupa. Palipowaka sana pakawa peusi tititi. Pale Trizah alipotia tone la dawa ya kunyunyizia kahawa hapakutokea kitu, karatasi ilibaki nyeupe.

"Yash," alisema Trizah, akiwa ameishika karatasi inayochuruzika, "hawa wamejipiga picha wenyewe!"

"Na wametokea vizuri kuliko wateja wangu wengi."

Tangu siku hiyo chumba kile, kilichokuwa kikisubiri kufanywa stoo, kikapata uhai. Yash aliyeanza kuona aibu ya kazi ya baba yake sasa alivaa shati safi kwenda gizani. Alimtazama msichana yule akihesabu matone kwa mkono usiotetemeka, akiwasemesha bakteria wake, "Amkeni, warembo, kuna wageni," na akaona kwamba hajawahi kumstahi mtu kiasi kile. Trizah alikuwa mtoto wa nyumba za reli. Babu yake alitoka Bungoma kuja kuwasha injini za moshi. Mama yake alimtuma na hotipoti ya kuku wa kienyeji. Mama yake Yash, ambaye hali nyama, aliipokea kwa heshima, akawapa wapangaji kuku, akaiosha hotipoti mara mbili, akairudisha imejaa chevda ya dengu na karanga za kukaanga. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba ile. Chombo cha mtu hakikurudishwa bila kuoshwa na mikono ya mwenye nyumba, na kadiri mgeni alivyopendwa ndivyo kilivyosuguliwa.

Oktoba ikaja kazi kubwa. Kina mama wa Subukia, wakiongozwa na mathe mmoja aliyeitwa Jepkosgei, walikuwa na wasiwasi na chemchemi yao. Mashamba ya juu yalikuwa yakinyunyizwa dawa, na ng'ombe wawili watatu walikuwa wameharibu mimba. Trizah aliahidi kwenda kuchota maji ya kupima. Kwa vile angeondoka mapema kutoka mjini, kreti ya chupa tupu akaiacha studio tangu jana yake.

Chupa zile zilichemshwa Njoro zikafunikwa, ndani zilikuwa safi kabisa. Ila barabara ya Njoro ni vumbi, na nje zilionekana kama zimeokotwa. Yash alizitazama, akaona haiwezekani. Mpenzi wake, maana moyoni alishamwita hivyo ingawa mdomoni bado, asimame mbele ya watu wa Subukia na chupa chafu? Akafungua vifuniko, akaziosha ndani na nje kwenye karai la kijivu la sinki ya chumba cha picha, akazikausha, akazipanga zikimetameta. Hakumwambia, aliona haya. Na hapo ndipo alipoharibu kila kitu, masikini, kwa mkono mwema na kwa moyo mweupe.

Kesho yake Trizah alibeba kreti alfajiri bila kuikagua, na alasiri akarudi na maji. Wakazima taa. Chupa ya maji safi kutoka maabara, ile ya kulinganishia, iliwaka vizuri. Za Subukia zilizimika zote, moja haikubaki. Karatasi ilipotoka ilikuwa na doa jeusi moja pembeni, na weupe mtupu kwingine kote.

Trizah alishika ukingo wa meza. "Wanakunywa hii," alisema polepole. "Yash, watoto wanakunywa hii." Kisha akamgeukia, macho yamejaa machozi na furaha kwa pamoja. "Lakini tumejua! Tumejua kabla mtu hajakufa! Bila wewe na hii karatasi yako singejua."

Akamkumbatia, na chini ya taa ile nyekundu akambusu. Yash aliishi siku kadhaa bila kuhisi sakafu.

Mambo yalikwenda mbio. Chifu aliifunga chemchemi kwa miti ya miiba. Kina mama wakaanza kuteremka mpaka mtoni, mbali, na madumu mgongoni. Redio ikamwita Trizah. Alikwenda amevaa suti ya maruni na hereni za shanga, akaeleza kipimo chake kwa lugha ya kueleweka, na Nakuru yote ikamsifu. Profesa Chepkemei, mwalimu wake, alisema kazi ile ingesomwa mbele ya wataalamu Nairobi. Na kwa kuwa lazima apatikane wa kulaumiwa, watu wakamkumbuka Hitesh, mdogo wake mzee Ashok, aliyeuza dawa za shamba pale Subukia. Duka lake likasusiwa. Mtu alimtemea mate mlangoni.

Yash alikuwa katikati. Alimhurumia anko wake, lakini karatasi aliisafisha mwenyewe, na bakteria wa Trizah aliwaamini.

Siku moja mchana Trizah alikuwa Njoro, na Yash akamkumbuka sana. Kulikuwa na chupa ya bakteria waliobaki, iliyoachwa kwenye friji ya studio. Akatamani kuona mwanga wao kidogo tu. Akachukua gilasi, akaisuuza kwenye karai la kijivu, akazima taa, akamimina.

Mwanga ukaanguka ndani ya gilasi ukafa.

Akasimama gizani. Akamimina kidogo kwenye kikombe cha chai cha jikoni. Ukawaka. Akamimina tena kwenye gilasi. Ukafa. Akawasha taa, akalitazama lile karai lililokuwa pale tangu kabla hajazaliwa, lililojazwa miaka nenda miaka rudi dawa ya kuifanya picha isifutike, dawa inayobeba madini ya fedha kutoka kwenye karatasi. Mkono wa mtu haukuhisi kitu. Bakteria walihisi. Akakumbuka chupa za Subukia zikimetameta, akakaa chini sakafuni.

Alijua vizuri kilicho mbele yake. Akinyamaza, Trizah atakwenda Nairobi na kupigiwa makofi, na atabaki wake. Akisema, kazi yote ya msichana yule itachekwa, na mwenye kuiharibu ni yeye. Alifikiria kunyamaza. Tusimsingizie utakatifu, alilifikiria jambo hilo mpaka chai ikapoa. Kisha akawaona kina mama wakipanda kilima na madumu, akachukua simu.

"Sasa, dear," Trizah alipokea akiwa na furaha. "Umenimiss?"

"Nimekumiss. Trizah, skiza. Maji ya Subukia huenda hayana shida."

"Unasema nini?"

"Zile chupa niliziosha. Hapa, kwa sinki ya dawa. Ndani na nje. Ni hiyo dawa iliua bakteria, si maji."

Sauti ikarudi, ile ya hema, ya jeshi. "Chupa zilikuwa safi. Uoshe chupa safi ya nini?"

"Zilikuwa na vumbi. Nilitaka..."

"Na unaniambia leo? Baada ya duka ya anko yako kususiwa ndio unakumbuka uliosha?"

"Trizah, si hivyo."

"Ni nani amekutuma, Yash? Ni Hitesh? Aki mimi nilikuwa nadhani wewe ni tofauti. Mliketi kwa meza huko kwenu mkaona huyu msichana wa nyumba za reli ni rahisi, anapenda, ataelewa?"

"Usiniamini mimi. Waulize bakteria."

Simu ikakatwa. Alipiga tena, haikushikwa. Akaandika ujumbe, akaufuta, akaandika mwingine, haukujibiwa. Kuumwa moyo ni jambo la mwili, wasikudanganye. Yash alishindwa kula hata dengu za mama yake.

Hitesh alipopata habari alikuja studio akihema. "Nenda redioni leo! Sema huyo msichana hajui kazi! Sema mbele ya Nakuru yote!"

"Siendi, anko."

"Jina langu linaoza huko Subukia na wewe unaona haya?"

"Nitamwambia chifu mwenyewe nilichofanya, na nitaomba wapime tena. Lakini kumchafua redioni, hapana. Kipimo ni chake. Kilisema ukweli. Mimi ndiye nilikipa chupa yenye sumu."

Mzee Ashok, ambaye huwa haongei, alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha picha akilitazama karai. "Na hayo maji ya sinki," aliuliza, "yanaenda wapi yakitoka hapa?"

Wote walijua mfereji wa mji huelekea wapi: chini, ziwani, kwa flamingo. Mzee akainama mwenyewe chini ya sinki akaziba bomba kwa tambara, na tangu siku hiyo dawa iliyotumika ikawa inawekwa kwenye madumu.

Yash alimweleza chifu faraghani, naye akasema chemchemi haitafunguliwa mpaka maji yapimwe tena. Siku zikapita. Malori ya kampeni yalipita Kenyatta Avenue yakipiga kelele mpaka picha ukutani zinatikisika. Huko Njoro, Trizah alisikiliza redio kila asubuhi, akingoja kusikia jina lake likiburutwa. Halikutajwa. Mtu aliyetumwa na Hitesh angekwisha kusema. Kwa nini huyu hasemi?

Akachemsha chupa mpya kwa mikono yake. Akaenda Subukia peke yake, akapita chini ya miiba, akachota. Kisha, kwa kuwa mashine ya chuo bado ilikuwa mbovu na giza la kuaminika alilolijua lilikuwa moja tu Nakuru nzima, akaja studio.

Yash alimwona mlangoni, amevaa sweta ya kijani na kitambaa kichwani, amechoka, kreti kifuani. Akainuka.

"Usiguse chupa," Trizah alisema.

"Sigusi."

"Simama hapo. Mikono nyuma."

Yash akaweka mikono nyuma kama mtoto wa shule. Trizah akapanga chupa mezani. Mwishoni akatoa moja kuukuu, ya zile zilizooshwa na Yash, ambayo haikutumika safari ile, akaijaza maji yale yale ya chemchemi. Akatia bakteria katika kila chupa, akazima taa.

Wakasimama gizani, kila mtu upande wake, wakisubiri macho.

Zikawaka. Moja, ya pili, ya tatu, safu nzima ya Subukia ikawaka buluu, tulivu, nzuri kama siku ile ya shoo. Ile kuukuu peke yake ilibaki nyeusi. Yash alisikia pumzi ya Trizah ikikatika, akajua analia, na mikono yake ikabaki nyuma maana hakuambiwa aitoe.

"Kwa nini hukuenda redioni?" Trizah aliuliza.

"Haikuwa yangu kusema."

"Ungenimaliza."

"Ndio maana."

Trizah akajifuta macho. "Hizo chupa, Yash. Uliosha na nini?"

"Na mapenzi."

"Na nini ingine?"

"Na karai ya dawa ya picha."

Trizah akaanza kucheka huku analia, kicheko kikamzidi mpaka akajishika meza. "Wee mtu! Umesumbua Subukia nzima kwa mapenzi! Unajua ni dawa kidogo aje ilibaki kwa hizo chupa? Kidogo sana! Na waliiona!" Hapo Yash akasikia fahari katika sauti yake, fahari safi. "Waliona mkono wako, Yash. Mimi ndiye sikuuona."

"Nisamehe, roho yangu."

"Mimi nilikuita mtumwa wa anko yako. Nisamehe wewe kwanza." Akamtafuta gizani. "Na utoe hiyo mikono huko nyuma, kwani umefungwa?"

Sasa ilibaki Subukia, na hiyo ndiyo ilikuwa ngumu. Profesa Chepkemei alimwambia Trizah angeweza kuandika barua kwa chifu ikatosha. Trizah akakataa. "Niliwaambia kwa mdomo, nitawaambia kwa mdomo."

Baraza likaitwa pale pale chemchemi. Mzee Ashok alifunga studio, jambo ambalo majirani hawakulikumbuka kutokea, akawaendesha kwa pikapu yake. Trizah alivaa tena lile gauni la rangi ya chungwa. Chifu akampa kipaza sauti. Kina mama walikaa kwenye nyasi na madumu yao, Jepkosgei mbele, mkongojo magotini. Hitesh alisimama mbali, mikono kifuani.

"Mathe zangu," Trizah alianza. "Nilikuja hapa nikasema maji yenu yana sumu. Maji yenu hayana sumu. Sumu ilikuwa kwa chupa zangu. Chupa zilioshwa mahali hazifai kuoshwa na mimi sikuzikagua. Mmebeba maji kutoka mtoni kwa sababu yangu. Na mzee Hitesh hapo, mlimtemea mate kwa sababu yangu. Pole, mzee. Poleni nyote."

Minong'ono ikapanda. Mtu nyuma akasema, "Si nilisema hizo taa ni mchezo?" Jepkosgei akainua mkongojo, watu wakanyamaza.

"Na ni nani alikuosheaga chupa?" aliuliza.

Trizah akafungua mdomo, akasita. Alikuwa amekula kiapo moyoni kwamba hatamtaja. Lakini Yash alikuwa ameshatoka kwenye umati, kamera shingoni, mkono juu.

"Ni mimi, mathe."

"Wewe. Ulitumwa?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini uoshe vyombo vya mwenyewe?"

Yash akatazama miiba, akatazama baba yake, akamtazama Trizah. "Nilikuwa nampenda, mathe."

Nyasi nzima ikacheka, lakini Jepkosgei hakucheka. "Ulikuwa?"

"Nampenda."

"Na huwa unaosheaga wasichana wote vyombo hivyo?"

"Hapana. Huyu tu."

"Mungu ametuhurumia," alisema Jepkosgei, "wangekuwa wengi tungekufa na kiu." Safari hii hata chifu alishindwa kujizuia, na Hitesh akageuza uso upande wa mashamba ya kahawa, mabega yakimtikisika.

Trizah alikuwa bado ameshika kipaza sauti. Labda alisahau, labda hakusahau. "Yash," alisema, na bonde lote likasikia, "ukinioa, vyombo nitaosha mimi."

Vigelegele vikapasuka. Madumu yakapigwa kama ngoma. Yash alisogea mpaka alipo, masikio yamemwiva.

"Umesema nikikuoa?"

"Nimesema."

"Basi nitakuoa."

"Mzee!" Jepkosgei akamgeukia Ashok. "Umesikia haya?"

"Nimesikia," alisema Ashok. "Mama yake nyumbani amejua tangu ile siku ya kuku. Ananiuliza tu tunangoja nini."

Jepkosgei akainuka, akaisukuma miiba kando kwa mkongojo, akainama kwenye chemchemi na kikombe cha bati. Akamkabidhi Trizah. Watu walinyamaza kabisa, maana hapo hapakuwa na redio wala profesa, palikuwa na maji tu na yule aliyewahi kuyakataza.

Trizah akanywa nusu bila kupumzika. Akampa Yash kikombe, na Yash akanywa yaliyobaki yote.

Kina mama wakaanza kupanga madumu yao foleni.